Uko katikati ya kazi ya mipango miji? Mwongozo kamili wa kujijenga kuwa kiongozi ndani ya mwaka mmoja

Kuna kikao kimoja sitakisahau. Nilikuwa na mpango wa kuboresha eneo la makazi linalojaa maji kila mvua ikinyesha, nimeufanyia kazi miezi tisa, slaidi 64, ramani za mwinuko, hesabu za maji ya mvua, kila kitu kipo. Nikamaliza kuwasilisha, chumba kimya, mwenyekiti akavua miwani akauliza swali moja tu: "Hii mitaro, nani ataizibua?" Nikaanza kueleza upana wa mitaro na mteremko wake. Akanisubiri nimalize, akarudia: "Hapo nimekuelewa. Nauliza, nani ataizibua?" Sikuwa na jibu, maana hakuna mtu niliyekuwa nimemuuliza. Mpango ukarudishwa ukafanyiwe kazi zaidi, na mwaka wa bajeti ukatupita hivyo hivyo.

Sasa kama unasoma hii pengine uko kwenye miaka nane mpaka kumi na nane ya kazi, ni mpanga miji, mbunifu majengo, mhandisi wa barabara, mpima ardhi, mtu wa nyumba au wa mazingira, na kazi yenyewe unaijua nje ndani. Umeshapandishwa cheo mara moja au mbili kwa sababu hiyo hiyo ya kujua kazi. Halafu unaanza kuona vitu ulivyopanga vinaishia kabatini, na wakati huo huo kuna mwenzako ambaye kiutaalamu hakufikii ila yeye akigusa kitu kinajengwa. Inauma, najua, lakini hebu tuangalie kwa nini. Mtu wa maji haripoti kwako. Wa umeme haripoti kwako, wala diwani, wala benki, wala mwenye nyumba, wala mkandarasi, na jiji linajengwa na hao hao. Kwa hiyo uongozi kwenye fani yetu ni kuwafanya watu usiowaamrisha waelekee upande mmoja, na hiyo kazi inafundishika kabisa, mtu hazaliwi nayo. Ila chuo hakikutufundisha.

Mwongozo huu ni wa mwaka mmoja, masaa manne hivi kwa wiki, na huhitaji kuacha kazi. Hatua zingine ni za siku moja, zingine zitakula miezi, usishangae.

HATUA YA 1: Jua masaa yako yanaenda wapi

Wiki nne, kila jioni dakika tano, chukua daftari au noti za kwenye simu uandike masaa ya siku hiyo yameenda wapi: kuchora na kukagua michoro, kuandika ripoti, vikao, kuongea na mtu wa nje ya idara yako, kufanya maamuzi. Usijipendelee. Mimi nilipofanya hivi, wiki ya kwanza katika masaa 43 nilikuta mawili tu ndo niliongea na mtu wa nje ya idara, na moja kati ya hayo nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi yake namsubiri.

Pembeni andika pia maamuzi matatu makubwa yaliyopita mwezi huo kwenye ofisi yako na yaliamuliwa wapi hasa. Mara nyingi utakuta kikaoni yalikuja kugongwa muhuri tu, uamuzi wenyewe ulishafanyika siku nne nyuma kati ya watu wawili. Ukishaona hilo kwa maandishi yako mwenyewe, hatua zinazofuata zitakuingia vizuri zaidi.

HATUA YA 2: Chagua unataka kiti gani

Hii ni fupi. Kuwa mkuu wa idara serikalini, kuwa mbia kwenye kampuni ya washauri, kuongoza wakala wa usafiri au wa nyumba, kusimamia miradi upande wa mwekezaji, kuongoza shirika linalofanya kazi na wakazi, hivyo ni viti vitano tofauti na kila kimoja kina maumivu yake. Tafuta mtu mmoja aliyekalia kiti unachokitaka, muombe nusu saa, muulize wiki yake iliyopita ilikuwaje, siku kwa siku. Ukiisikia hiyo wiki ukajisikia kuchoka, badilisha kiti mapema.

HATUA YA 3: Tafuta mradi mmoja mdogo uwe ndo darasa lako

Hapa watu wengi wanakosea, wanakimbilia kozi kwanza. Kozi bila mradi ni sawa na kusoma kuogelea kwenye karatasi. Tafuta mradi wenye sifa hizi: unagusa angalau idara tatu, unaweza kuonekana kwa macho ndani ya miezi tisa, ukiharibika unarekebishika, na kuna shida ambayo wakazi wenyewe wanaisema kwa mdomo wao. Makutano yanayogonga watoto wa shule ni mradi mzuri. Mtaa mmoja wa soko. Kituo cha basi kisicho na kivuli. Usichague mpango kabambe wa jiji zima, huo hautakufundisha kitu ndani ya mwaka kwa sababu hutaona mwisho wake.

Mfano naoupenda sana ni wa Curitiba kule Brazil. Jaime Lerner alikuwa mbunifu na mpanga miji kama sisi, alishaongoza taasisi ya mipango ya jiji, IPPUC, iliyoanzishwa mwaka 1965, akawa meya 1971. Mwaka 1972 aliamua kufunga mtaa wa Rua XV de Novembro usipite magari uwe wa waenda kwa miguu. Wafanyabiashara hawakutaka na walikuwa wanajiandaa kwenda mahakamani, basi kazi ikaanza Ijumaa jioni, watu wakachimba na kupanga usiku na mchana, na ndani ya masaa 72 kipande cha kwanza kikawa kimekamilika. Baada ya muda mfupi wafanyabiashara wenyewe wakaomba kiongezwe. Waendesha magari walipopanga kuuvamia mtaa kwa magari yao, walikuta watoto wamekaa chini katikati ya mtaa wanachora kwenye karatasi ndefu, wakarudi.

Nina neno hapo kidogo. Kasi ile ilifanya kazi kwa sababu mpango ulikuwa umeshaiva miaka kadhaa kule IPPUC, na kwa sababu kitu chenyewe kingeweza kurudishwa kilivyokuwa. Alichofanyia haraka ni ujenzi, kufikiri kulishafanyika. Ukichukua kasi peke yake bila maandalizi utaumiza watu, hasa wale wasio na wakili.

HATUA YA 4: Chora ramani ya watu

Hapa kaa mwezi mzima, ndo moyo wa kazi yote hii. Sisi tunajua kuchora matumizi ya ardhi, sasa chukua karatasi kubwa uchore watu wa mradi wako. Weka nani anasaini, nani analipa, nani anaweza kuuzuia hata kama hana cheo, nani atautunza ukishajengwa, na nani utamuumiza. Kila kundi rangi yake. Majina ya watu, sio majina ya ofisi, kwa sababu "idara ya maji" haipokei simu, anayepokea ni mtu fulani mwenye presha zake na bosi wake.

Kwangu mimi kundi la kwanza nilipokosea ni la wanaotunza, na naona wapangaji wengi tunalisahau. Anayezibua mtaro, anayebadilisha taa, anayefagia, anayekata nyasi, hao watu wanajua kwa nini mradi uliopita ulikufa. Siku niliyoenda mwenyewe kukaa na msimamizi wa zamu ya usafi alinipeleka mpaka kwenye mtaro mmoja, akafunua mfuniko wa zege kwa shida, yeye na mwenzake, watu wawili wakinyanyua, akaniambia "huu mnaoupenda nyie hauinuliki, kwa hiyo hatuuinui." Mfuniko ulikuwa mzito kwa sababu sisi tuliuchora mzito. Dakika kumi pale zilinisaidia kuliko zile slaidi zote.

Namna ya kufanya: muone kila mtu peke yake kabla ya kikao chochote cha pamoja, umfuate alipo, usimuite kwako. Usiende na michoro iliyokamilika. Uliza maswali haya, halafu nyamaza: Ukisikia mradi huu unaogopa nini? Mwaka huu bosi wako anakupima kwa kitu gani? Mara ya mwisho kitu kama hiki kilikwama wapi? Ili wewe useme ndiyo, nifanye nini tofauti? Andika majibu kwa maneno yake, na ndani ya siku mbili mtumie ujumbe mfupi wa kumuonyesha ulichokisikia. Huo ujumbe mfupi unajenga heshima ajabu, watu hawajazoea kusikilizwa na mpanga miji.

Seoul walipobomoa barabara ya juu kwa juu ya Cheonggyecheon, kazi ilianza Julai 2003 na mto uliokuwa umefunikwa chini yake ukafunguliwa Oktoba 2005. Ukiangalia picha unaona maji na miti, lakini nyuma yake kulikuwa na vikao vingi mno na wafanyabiashara wa pembeni ya barabara ile, ambao walijua kabisa vumbi na foleni vitawapiga wao. Picha nzuri ni ya mwishoni, kazi ya kiongozi ilikuwa kwenye vile vikao.

HATUA YA 5: Jifunze pesa mpaka uzielewe

Muombe mhasibu wa ofisi jioni mbili. Mwambie akufundishe kusoma bajeti kana kwamba hujawahi kuiona. Unataka kujua tarehe: lini maombi yanapokelewa, lini yanakatwa, lini pesa inaanza kutoka, lini isiyotumika inarudi. Mpango mzuri uliofika wiki mbili baada ya dirisha kufungwa ni mpango wa mwaka kesho. Halafu jua tofauti ya pesa za maendeleo na pesa za matumizi ya kawaida, maana kujenga mtaro kunatoka mfuko mmoja na kuuzibua kunatoka mwingine, na ndo maana tunajenga vitu visivyotunzwa.

Ukishaelewa hapo panda ngazi moja: thamani ya ardhi. Reli au barabara ikifika, ardhi ya jirani inapanda bei bila mwenye ardhi kunyanyua hata jiwe, na swali la kiongozi ni je sehemu ya hiyo thamani inarudije kujenga jiji? Hong Kong shirika la reli la MTR linaendeleza majengo juu ya vituo vyake na kandokando, na faida inasaidia kulipia reli. São Paulo, kuanzia 2004, jiji linauza kwa mnada kwenye soko la hisa hati zinazoitwa CEPAC, ambazo zinampa mjenzi haki ya kujenga zaidi ya kiwango cha kawaida kwenye eneo maalum, na pesa lazima zitumike kwenye eneo hilo hilo. Sikwambii uige, mazingira yanatofautiana na kuna watu wa kipato cha chini wanaweza kusukumwa nje kama hakuna kinga. Nakwambia ujue kuongea lugha hiyo, kwa sababu mtu wa fedha akiona unaielewa anakaa na wewe tofauti kabisa.

HATUA YA 6: Achia kalamu nyekundu

Kwa wataalamu hii ndo ngumu kuliko zote. Kijana analeta mchoro, unaona kosa, mkono unaenda wenyewe kwenye kalamu, dakika ishirini umeshaurekebisha na umejisikia vizuri. Lakini yeye hajajifunza, na yale masaa ya kwenda kuongea na watu wa nje yameshaliwa.

Jaribu hivi kwa miezi mitatu. Usiguse mchoro. Uliza tu: Nani atautumia huu na atakuwa amesimama wapi? Umefikiria njia gani nyingine ukaikataa, kwa nini? Sehemu gani wewe mwenyewe huna uhakika nayo? Mrudishie. Mara mbili za kwanza itachukua muda mrefu kuliko ungefanya mwenyewe, vumilia. Mara ya tano utaona anakuja na majibu kabla hujauliza. Na mpeleke kwenye vikao aongee yeye, wewe kaa pembeni, akikwama usidakie haraka, mpe sekunde kumi ajinasue.

HATUA YA 7: Kuongea na wananchi, na kuwasikia

Kwanza mradi wako uandike kwenye ukurasa mmoja. Shida ni nini, tunafanya nini, nani anafanya, shilingi ngapi, lini, na nani atatunza. Kama haukai kwenye ukurasa mmoja basi hujauelewa bado. Msomee mtu asiye wa fani, akikunja uso mahali, hapo andika upya.

Mkutano wa hadhara ukiupanga usianze na prezentesheni ya dakika arobaini halafu maswali matatu ya haraka haraka. Anza na ramani kubwa mezani, watu waoneshe kwa vidole maji yanasimama wapi, watoto wanavukia wapi, wapi panatisha usiku. Angalia pia nani hayupo. Akina mama wenye biashara hawawezi kuja saa nne asubuhi, wapangaji hawaalikwi kwa sababu mwaliko unaenda kwa wenye nyumba, mtu wa kiti cha magurudumu hawezi kupanda ghorofa ya pili ya ofisi yenu. Wafuate walipo. Na baada ya wiki mbili rudi kwa watu wale wale na karatasi yenye mambo matatu: tulisikia hiki, tumebadilisha hiki, hiki hatukukibadilisha na sababu ni hii. Wengi wetu hatujawahi kurudi hata mara moja, ndo maana watu wameacha kuja.

Pale ambapo watu wanapinga kitu wasichokijua, wape nafasi ya kukionja. Stockholm walipotaka kutoza magari yanayoingia katikati ya jiji, upinzani ulikuwa mkubwa. Wakaanza kwa kuongeza mabasi Agosti 2005, yaani njia mbadala ikatangulia, kisha tozo ikajaribiwa kuanzia Januari mpaka mwisho wa Julai 2006, magari yanayovuka mpaka wa tozo yakapungua kama moja ya tano, ndipo Septemba wakazi wa jiji wakapiga kura na waliounga mkono wakashinda kwa kura chache. Tozo ikawa ya kudumu Agosti 2007. New York nayo, Mei 2009, walifunga sehemu ya Broadway pale Times Square, na kwa sababu viti vya kudumu vilikuwa bado, wakamwaga viti vya kukunja vya bei rahisi, watu wakakaa. Huku nyuma walikuwa wanapima mwendo wa magari kwa GPS za teksi, na Februari 2010 jiji likatangaza itakuwa ya kudumu. Angalia vitu viwili hapo: jaribio lina tarehe ya mwisho, na kipimo kilikubaliwa mapema. Jaribio lisilo na kipimo ni ugomvi ulioahirishwa tu.

HATUA YA 8: Jiandae na siku utakayobanwa

Itakuja. Simu ya saa mbili usiku, mtu anataka eneo la wazi libadilishwe matumizi, au kibali kitoke kabla ya kesho. Ukisubiri siku hiyo ndo ufikirie, umechelewa. Andika sasa hivi, kwenye karatasi yako ya siri, vitu vitatu ambavyo hutavifanya hata kwa kupoteza kazi. Jiwekee taratibu: mazungumzo ya vibali yanafanyika ofisini na mtu wa pili akiwepo, kila maelekezo ya mdomo unayajibu kwa emeli fupi ya "kama tulivyoongea leo, umenielekeza hivi", na kama una ndugu au kiwanja kwenye eneo la mradi unasema mapema na unajitoa. Ile emeli fupi imenisaidia mara mbili. Mara zote mbili maelekezo yalifutwa kabla jioni haijafika.

HATUA YA 9: Watu wa kukulea, na kozi

Tafuta wenzako wanne, usichukue wote wapangaji miji, mchanganye mhandisi, mtu wa fedha, mtu wa jamii, mtu wa sheria. Kila mwezi masaa mawili, mmoja analeta tatizo lake halisi, wengine dakika ishirini za kwanza wanaruhusiwa kuuliza maswali tu, ushauri hapana. Hii peke yake ina nguvu kuliko semina nyingi nilizokaa. Juu ya hapo pata mkubwa mmoja aliyekutangulia, na usimwombe "unilee", mpelekee swali moja maalum kila baada ya wiki sita.

Kozi sasa. Zipo zilizotengenezwa kwa watu wa umri wetu wa kazi. Loeb Fellowship ya chuo kikuu cha Harvard, Marekani, ipo tangu 1970, unakaa mwaka mmoja, hawatoi digrii, unasoma unachotaka. Chuo kikuu cha MIT, huko huko Marekani, kina programu ya SPURS tangu 1967, nayo ya mwaka mmoja bila digrii, kwa wataalamu wa nchi zinazoendelea. Chama cha kimataifa cha wapangaji, ISOCARP, cha tangu 1965, kinakutanisha wapangaji wa nchi mbalimbali. Ushindani ni mkubwa, na wanachouliza kwa namna moja au nyingine ni: umebadilisha nini, na kuna swali gani linakunyima usingizi? Mtu aliyefanya hatua ya 3 mpaka ya 7 ana majibu. Kozi yoyote fupi ukiipima, uliza kama utapeleka mradi wako mwenyewe, kama kuna mtu atakufuatilia baada ya miezi sita, na wenzako darasani wanatoka fani ngapi. Kama majibu ni hapana, hapana, moja, tunza hela yako.

HATUA YA 10: Jipime, halafu rudi mezani

Mwezi wa sita na wa kumi na mbili chukua watu watano kwenye ile ramani ya hatua ya 4, mmoja awe aliyekupinga. Waulize: nianze kufanya nini, niache nini, niendelee na nini. Usijitetee, sema asante, andika. Rudia pia lile daftari la masaa kwa wiki moja. Kama masaa ya kuongea na watu wa nje hayajafika sita, mradi wako bado unaubeba kichwani peke yako.

Mimi nilirudi kwenye ile kamati mwaka uliofuata na ukurasa mmoja. Mitaro ilikuwa na mifuniko ya vipande viwili ambayo mtu mmoja ananyanyua, pesa ya kuzibua iko kwenye mfuko wa matumizi ya kawaida, na chini kabisa kulikuwa na majina na zamu. Mwenyekiti akavaa miwani, akasoma mpaka mwisho, akaweka kidole kwenye jina la zamu ya pili. "Huyu amekubali?" Kabla sijafungua mdomo, msimamizi wa usafi aliyekuwa amekaa nyuma yangu akainua mkono, akasema, "Niko hapa mwenyekiti, niulize mimi."